Kipande cha Leo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Mathayo 6:11, "Utupe leo riziki yetu."

Kuna mtu amekaa moyoni mwangu siku hizi: Georgy Zhzhonov, mwigizaji wa filamu wa Urusi ya Kisovieti. Alikuwa kijana wa miaka 23 alipokamatwa mwaka 1938. Kosa lake? Akiwa safarini kwenda kupiga filamu, alizungumza na mwanadiplomasia wa Marekani ndani ya treni. Wakamwita jasusi, wakampeleka Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi, kwenye kambi za wafungwa za machimbo ambako baridi peke yake ilitosha kuua.

Njaa na kiseyeye vikamla. Siku moja akasikia kuna vifurushi viwili kutoka kwa mama yake, kilomita kama 10 kutoka kambini. Kisa hiki alikuja kukiandika mwenyewe. Akatembea akifuatana na ofisa wa usalama wa kambi, mpaka nguvu zikamwishia, akaanguka. Ofisa yule yule, ambaye nani angemtarajia wema, akampakia kwenye kigari cha kuburuta thelujini, akakivuta. Nilipofika hapo nikawakumbuka kunguru waliomletea nabii Eliya chakula.

Vifurushi vikafunguliwa. Sukari, soseji, vitunguu, sigara, vyote vimegandana kama jiwe. Na yeye, hoi kwa njaa, akawasihi waliokuwa wakivifungua wasimpe chote. Wampe kipande kidogo kidogo, na hata akitambaa miguuni pao akilia, wasimwongeze. Alijua tumbo lililokauka hivyo likijazwa ghafla linaua.

Mpendwa, ni mama yake aliyempelekea chakula kile, kilikuwa chake halali, naye akaomba cha kutosha saa ile tu! Wana wa Israeli waliambiwa vivyo hivyo kuhusu mana, wengine wakaiweka hadi asubuhi, ikaoza.

Aliachiwa 1945, akakamatwa tena 1949, akapelekwa uhamishoni Norilsk, kaskazini kabisa. Jina lake lilisafishwa 1955. Sinema ikampokea akiwa mtu mzima, na mwaka 1968 akacheza jasusi, yeye aliyefungwa kwa kusingiziwa ujasusi, watu wakampenda. Alifariki 2005, ana miaka 90.

Mimi maombi yangu hujaa mambo ya mwaka mzima. Jumatatu nilipopiga magoti nilifika kwenye neno "leo" nikakwama hapo. Ada ya muhula ujao sikuitaja. Niliomba unga.