"Can't" ya saa 11 alfajiri

Leo nimejicheka kweli. Jana jioni nilikuwa napanga ratiba na wageni wangu, babu na bibi flani wa Kimarekani wastaafu, nikawauliza tutoke saa 11 alfajiri tuwahi Tarangire, si unajua mwezi wa saba tembo wanakuwa wameshaanza kusogea mtoni, bibi akanijibu fastafasta huku anacheka, mi nikasikia "we can", nikasema poa, nikaenda kulala.

Saa 11 kasoro niko nje ya hoteli, boksi za chakula zipo, chupa ya chai ipo, giza totoro na baridi ya Arusha inaingia mpaka kwenye mifupa. Wameshuka saa 1 na nusu! Wamependeza, wananiuliza mbona macho mekundu. Kumbe bibi alisema "we can't".

Miaka tisa naongoza watalii (lile jina lingine la kazi yetu ukilitohoa linakuwa gaidi, tusiende huko) na leo ndo naelewa. Njiani nikamwomba babu ayaseme yote mawili taratibu. Ile t ya mwisho haitoki jamani, inakatikia kooni kama mtu kapaliwa. Wenyewe hawaisubiri t, wanasikiliza a. "Can" ikiwa katikati ya sentensi a inayeyuka, inabaki "kn" tu, "we kn go". Ukisikia a nzima, imekazwa, hiyo ni hapana. Sisi shuleni tulisoma ya Uingereza, "kaant", a ndefu kama kamba, hapo hata ukiwa umelala huchanganyi.

Sasa mi nilivyokuwa nakaza "I CAN do it" ili wanielewe vizuri, sijui ni wangapi wamesikia siwezi.

"Didn't" nayo, nilikuwa nasema "didenti" bila aibu. Babu kaniambia niache ulimi palepale pa d, nisiuchomoe, n itoke yenyewe puani. Nikajaribu nikagundua mbona hiyo n tunayo, ni ile ya "nchi", ile inayosimama yenyewe, hakuna anayesema "inichi". Nikasema did, ulimi nikaubakiza juu, nchi. Ikatoka! Bibi kapiga makofi huko nyuma.

Mchana kwenye chakula babu akafungua kidaftari chake akanisomea silabi kwa silabi, "u-me-kwi-sha ku-la?" Nikamjibu "nshakula". Akakodoa macho, akaniuliza hiyo nimekwisha imeenda wapi. Nikacheka mpaka chai ikanimwagikia, maana hata mi sijui tuliimezea wapi.

Kesho Ngorongoro. Muda nimewaomba waniandikie kwenye karatasi, wameandika 6:30, mi pembeni nimeandika saa 12 na nusu, wakaniangalia tena.