Nilivyoitoa kostiki kwenye chupa za maji

Natengeneza sabuni za mche hapa Igoma, Mwanza, kwa mawese ya Kigoma. Miaka ya mwanzo kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, niliinunua ya kupimiwa kwa kopo, imefungwa kwenye mfuko usio na neno hata moja. Nikaikoroga kwa kukadiria. Ikibaki, naimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, naificha nyuma ya mlango.

Mtoto wa mpangaji mwenzangu, wa miaka mitatu, aliikuta. Alipiga funda moja, akatema huku analia. Mama yake alitaka kumtapisha. Jirani yetu muuguzi akamzuia, maana kostiki iliyounguza ikishuka huunguza tena ikipanda. Tulimsuuza mdomo kwa maji tukakimbilia hospitali. Koo lilipona. Kovu la mdomo wa chini lipo mpaka leo, na chupa ile niliijaza mimi kwa mkono wangu.

Mama yake hakunishtaki. Aliniambia tu, "Dada, hiyo kazi yako ifanye inavyotakiwa."

Nilikwenda ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, nikiogopa kufungiwa. Huko ndiko nilikojua kwamba ipo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Namba 3 ya mwaka 2003, na kwamba anayefanya biashara ya kemikali anatakiwa kusajiliwa. Siku zote nilidhani hayo ni mambo ya migodi. Afisa hakunikaripia. Alinisomea karatasi ya usalama ya kostiki kipengele kwa kipengele, nami nikaandika kwenye daftari la mauzo.

Fomu na ada nilizimaliza kwa mkopo wa kikoba. Kilichonisumbua ni stoo. Kostiki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo inataka chombo cha plastiki kigumu chenye kifuniko cha kubana. Sufuria ya aluminiamu inaliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Kostiki haikai pamoja na asidi ya kutengenezea sabuni ya maji. Nikajenga kichumba chenye matundu ya hewa na kufuli, na bomba mlangoni, kwa sababu ikikurukia ngozini unamwagilia maji yanayotiririka dakika 20, hupaki siki wala dawa ya meno.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu kuliko vyote ni mizani. Kilo 1 ya mawese inataka gramu 140 hivi za kostiki, pungufu kidogo ukitaka sabuni laini. Tangu nianze kupima, hakuna kinachobaki, basi hakuna cha kutia kwenye chupa. Naitia kostiki kwenye maji baridi polepole. Ukimwagia maji juu ya kostiki inachemka na kukurukia usoni.

Siku hizi nanunua mfuko wa kilo 25 uliofungwa kiwandani, wenye ile alama ya mpaka mwekundu: kimiminika kinatoboa mkono na chuma. Hata asiyejua kusoma anauelewa ule mkono.

Juzi mama mmoja wa kikoba alikuja na chupa tupu ya maji, akiomba nimgawie kostiki iliyokorogwa. Nikamwambia, "Mama, lete mafuta yako tupime hapa." Akavaa glavu na miwani yangu, akakoroga palepale, akaondoka na sabuni kwenye fremu. Chupa yake ilibaki tupu.