Nyuzi nane, marika manane

Sijaandika hapa tangu Aprili juu miezi yote imeenda kwa albamu. Sasa imeisha, Jumamosi iliyopita tumeipiga laivu hapa Kisumu, na kabla nisahau venye ilikuwa wacha niandike.

Ilianza na ugomvi. Mimi ni Mbukusu, yaani Mluhya, wa Webuye, mwenzangu wa muziki ni Mjaluo wa Ugenya, tunaishi ploti moja Nyalenda na mara nyingi tunakula sahani moja. Siku moja tunabishana tu kuhusu biti nikamwita omusinde. Mtu wa kwetu anajua hilo neno linachoma vipi, ni kumwambia mtu mzima eti bado ni kavulana, hajapashwa tohara. Nilidhani ni utani wa kila siku wa Mluhya na Mjaluo, juu Waluo kimila hawatahiri. Akazima leptopu, akabeba nyatiti yake, ile ala ya nyuzi ya Waluo, akatoka. Siku tatu hakuniongelesha. Ya nne akarudi, akakaa kwa kigoda chake, akasema, "Omera, mimi nilitahiriwa. Hukuwahi kuniuliza."

Unajua ule utafiti mkubwa wa tohara na ukimwi ulifanywa hapa hapa Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, na Desemba 2006 ikatangazwa kwamba tohara inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanaume kuambukizwa. 2008 kampeni ikaanza Nyanza. Yeye alienda kliniki miaka michache baadaye, peke yake, akadungwa ganzi, akashonwa, akapewa dawa za maumivu na kadi ya kurudi, akapanda boda akarudi nyumbani amekaa upande. Hakuna mtu aliimba. Hata mamake hakumwambia.

Mimi niliimbiwa usiku kucha. Ilikuwa Agosti, mwaka shufwa kama desturi yetu, alfajiri nikapakwa tope mtoni, baridi mpaka meno yanagongana, nikatembea uchi nyuma yangu kijiji kizima kinaimba, hadi uani kwa baba, nikasimama. Macho mbele. Ukipepesa umeaibisha ukoo. Sikupepesa. Na mpaka leo, nina miaka 34, hakuna mtu amewahi kuniuliza kama iliuma. Nilipomwambia hivyo tukanyamaza wote wawili muda mrefu sana, na hapo ndo albamu ilianzia, kwa huo unyamavu.

Sitaki mtu asome hii afikirie nadharau mila yetu. Naipenda, ule usiku ni kati ya usiku mzuri zaidi nimewahi kuishi. Lakini naamini kabisa kuna kitu tulifungiwa ndani siku hiyo, mimi kwa nyimbo yeye kwa kimya, na hakuna aliyerudi kutufungulia.

Nyatiti ina nyuzi nane. Wabukusu tuna marika manane ya tohara yanayozunguka, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, likiisha la mwisho la kwanza linarudi, mzunguko mzima ni kama karne. Basi nyimbo nane. Na kwa Waluo nne ndo namba ya mwanaume, mtoto wa kiume anatolewa nje siku ya nne, wa kike ya tatu, kwa hivyo nyimbo nne za kwanza zinahusu kuzaliwa na kukua, nne za mwisho baba, kazi, ugonjwa na matanga.

Kitu kilinishika zaidi ni chuma. Kijana wa kwetu akienda kualika jamaa kwa tohara yake anabeba chinyimba, zile kengele za chuma, anazigonga kwa bangili za mkononi. Mpiga nyatiti naye anavaa oduong'o, pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, anagonga nayo mbao ya ala yenyewe. Tuliziweka pamoja kwa wimbo wa kwanza bila sauti ya mtu, chinyimba kulia, oduong'o kushoto, na nakuambia ukivaa hedfoni unasikia kama watu wawili wanatafutana gizani.

Wimbo wa sita ni babu ya mwenzangu, yeye anamwita kwaro. Zamani Waluo waling'olewa meno sita ya chini, hiyo ilikuwa njia yao ya kuonyesha mtu amekomaa, na mzee ana lile pengo mpaka leo. Tulimrekodi kwa simu, chini ya mwembe, kuku wanapita. Kila akitamka "s" inatoka na mluzi mdogo. Fundi wa studio alitaka kuufuta, tukakataa. Huo mluzi ndo wimbo wenyewe. Tukaukata, tukaurudiarudia, ukawa ala.

Dada ya mwenzangu anapiga nyatiti kwa wimbo wa nane. Wazee wawili walinung'unika kwa mazoezi kwamba hiyo ni ala ya wanaume, lakini Eriko Mukoyama alitoka Japani akaja kujifunza Siaya na akapokewa, sasa binti wa hapa nyumbani atakatazwa na nani?

Laivu tulifanyia ukumbi mdogo Manyatta. Projekta ya kuazima, shuka mbili nyeupe zimeshonwa pamoja, video ni mikono tu: ya kinyozi, ya mvuvi wa Dunga akitengua nyavu, ya baba yangu akijaribu kufunga kifungo cha shati tangu apate stroku. Hiyo ya mwisho inachukua dakika nne na hatukuikata.

Kwa wimbo wa tatu nilisimama mbele nimepakwa tope, maiki ndogo imebandikwa kifuani kwa plasta. Mwenzangu akaacha kupiga. Taa zikazimwa. Ikabaki pumzi yangu kwa spika, na chini yake moyo, dum, dum, kwa besi. Nilikuwa nimeapa sitapepesa kama ile siku. Karibu dakika ya pili nikafunga macho, nikayaacha yamefungwa, na machozi yakapita kwa tope, na mama mmoja huko nyuma akapiga kigelegele ghafla kama venye walifanya nyumbani.

Baada ya shoo tulikuwa tunakunja waya. Jamaa mmoja wa boda, bado amevaa riflekta, akasimama pale mbele bila kusema kitu. Halafu akauliza kama anaweza kuwekewa hiyo maiki. Tukampangusa jasho, tukambandika, mwenzangu akapandisha sauti polepole. Moyo wake ukajaa ukumbi. Akainamisha kichwa akisikiliza, funguo za pikipiki mkononi. Nyuma yake wengine watatu walikuwa tayari wameanza kufungua vifungo vya shati.