Ahadi za Jumapili na Kweli ya Moyo

Katika sharika za Kilutheri hapa Tanzania, mtoto wa kipaimara hujifunza amri ya nane, "Usimshuhudie jirani yako uongo", pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Maelezo hayo hayaishii katika kukataza masingizio, bali yanamtaka Mkristo amtetee jirani yake, amsemee mema na kuyachukulia mambo yake yote kwa wema. Tangu utotoni, basi, tunajua kwamba ulimi unaweza kumwumiza mwingine. Tusichokipa uzito huo ni uongo usiomwumiza mtu papo hapo, ule tunaousema ndani ya kanisa, tukiwa tumevaa vizuri na tukitaka kupendeza.

Mfano ulio wazi ni ahadi za kuchangia ujenzi wa kanisa. Mgeni rasmi ameketi mbele, kwaya imemaliza kuimba, kipaza sauti kinapitishwa, na mtu ambaye jana aliazima nauli anatamka laki tano huku vigelegele vikipigwa. Miezi inapita, mhazini anapiga simu isiyopokelewa, na hatimaye yule ndugu anahamia ibada ya kwanza ya alfajiri ili wasikutane. Siamini kwamba alikusudia kumdanganya mtu. Alitaka kuhesabiwa miongoni mwa watoaji, basi, na kinywa kikatangulia kabla ya kuuliza moyo na mfuko.

Kisa cha Anania na Safira, mume na mke waliouza mali yao wakazuia sehemu ya fedha, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, mara nyingi huhubiriwa kana kwamba kosa lao lilikuwa ubahili, ilhali Petro mwenyewe anasema wazi kwamba mali ilikuwa yao kabla ya kuuzwa, na hata baada ya kuuzwa thamani yake ilikuwa katika uwezo wao. Wangeweza kuleta nusu na kusema kwamba ni nusu. Walileta sehemu wakataka ihesabiwe kuwa yote, na Luka anakisimulia kisa hicho mara tu baada ya kutueleza jinsi Barnaba alivyouza shamba lake na kuiweka fedha miguuni pa mitume. Naona mpangilio huo si wa bahati: sifa aliyoipata mwenzao ndiyo waliyoitamani, bila gharama yake.

Zaburi ya 15, inapomweleza mtu atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja "asemaye kweli kwa moyo wake" kabla hata haijagusa ulimi, kisha inaongeza kwamba "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake". Hasara hiyo ndiyo tunayoikwepa, na kwa bahati mbaya tumeyafanya maneno ya imani yenyewe kuwa maficho. Yakobo alitufundisha kusema "Bwana akipenda" ili tukumbuke kwamba kesho si yetu. Leo fundi cherehani humwambia mteja kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa Mungu akijalia, hali kitambaa hakijakatwa, na Ijumaa ikifika lawama inaelekezwa mbinguni. "Nitakuombea" nayo imekuwa njia ya kuagana na mgonjwa.

Wapo watakaosema kwamba heshima zetu haziruhusu kumkatalia mkubwa usoni. Nakubali kwamba ukali si kweli, na ndugu wanaojisifu kuwa "wakweli" huku wakiacha majeraha kila jumuiya wasome tena maelezo ya amri ya nane. Hata hivyo, "Mzee, shikamoo, mwezi huu sitaweza, nina ada ya mtoto" ni maneno yenye heshima na kweli kwa pamoja. Ndiyo na siyo alizozitaka Yesu katika Mathayo 5:37 hazihitaji sauti kubwa.

Kwa upande wa sharika, ningependa ahadi ziandikwe kwenye bahasha bila kutangazwa. Najua wazee wa kanisa watapinga, kwa hoja kwamba bila vigelegele fedha hazitapatikana. Pengine zitapungua kweli, lakini kamati itakuwa na hesabu inayoaminika, na fundi atajua kabla ya kupandisha kenchi kwamba mabati yaliyopo yanatosha upande mmoja tu.