Mionzi Haihisiki, Hata Mirihi

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda na takwimu za RAD, kifaa cha kupimia mionzi kilichobebwa na gari la roboti Curiosity huko Mirihi. Nilikuwa natafuta tarakimu moja tu, nikashtukia jua limeshazama. Wenzangu wa chumba cha eksirei watanielewa. Sisi tunaovaa beji ya kupimia mionzi kifuani na kusubiri majibu yake kila baada ya miezi kadhaa hatuwezi kuliona jedwali la dozi tukalipita.

Jambo linalonishika ni kwamba mionzi haihisiki. Mama akimleta mtoto kupigwa picha huniuliza, "Dokta, ataumia?" Nami humjibu, "Hapana mama, hatasikia kitu." Ni kweli, na ndiyo sababu tuna aproni ya madini ya risasi na kuta nene. Moto ukikuunguza unautoa mkono upesi, lakini mionzi inapita mwilini na wewe unaendelea na mazungumzo yako. Basi mahali ambapo binadamu hajakanyaga, sharti kipimo kitangulie.

RAD kina uzito wa takriban kilo 1.5 tu. Kimetengenezwa kwa ushirikiano wa Southwest Research Institute ya Marekani na Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, chini ya mwanasayansi Don Hassler. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya silikoni vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na chini yake fuwele nzito na plastiki maalumu. Chembe ikipenya, huacha nishati yake kidogo katika kila tabaka, na kiasi inachoacha ndicho kinachoitambulisha: hii ni protoni, hii heliamu, hii kiini cha atomi ya chuma kilichotoka mbali sana nje ya mfumo wetu wa Jua. Plastiki ina kazi ya pekee. Imejaa haidrojeni, na nyutroni, chembe isiyo na chaji ya umeme, ikigonga haidrojeni hufichuka.

Nimeipenda pia habari ya plutonia, metali yenye mionzi. Gari lenyewe linapata umeme kutokana na joto la plutonia, nayo inatoa mionzi yake. Kwa hiyo watafiti hulazimika kuitoa mionzi ya gari kwenye hesabu ili ibaki ya Mirihi peke yake. Hata sisi hospitalini, kabla ya kuamini kipimo chochote, tunaanza kwa kujua mazingira yenyewe yana kiasi gani.

Waliokipanga walifanya jambo la busara mno: walikiwasha Desemba 2011, safari ikiwa ndiyo imeanza, kikiwa kimefunikwa ndani ya chombo kama watakavyokuwa wanaanga. Humo kilipima wastani wa takriban milisieverti 1.8 kwa siku (sieverti hupima uzito wa mionzi kwa mwili wa binadamu). Curiosity ilitua kwenye kasoko (shimo kubwa) ya Gale tarehe 6 Agosti 2012, na kesho yake RAD kikachukua vipimo vya kwanza kabisa vya aina hiyo juu ya uso wa sayari nyingine. Ilikuwa imetimia miaka 100 kamili tangu mwanafizikia Victor Hess apande angani kwa puto, tarehe 7 Agosti 1912, na kurudi na ushahidi kwamba mionzi inatoka juu.

Ardhini pale Gale wastani wa miezi ya mwanzo ulikuwa milisieverti 0.64 kwa siku. Kwetu duniani, mionzi yote ya asili kwa mtu wa kawaida ni kama 2.4 kwa mwaka mzima. Siku nne za Mirihi zinatosha kuumaliza mwaka wetu. Na hapo tayari sayari yenyewe imekinga nusu ya anga kwa kuwa chini ya miguu, na hewa nayo imesaidia, ingawa mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa hewa yetu. Ngao ya sumaku ya kuizunguka sayari nzima, kama tuliyo nayo sisi, haipo.

Mei 20, 2024 Jua lililipuka vibaya, na RAD kikasoma mikrogrei 8,100 (grei hupima nishati ya mionzi inayoingia mwilini), dozi kubwa kuliko zote tangu kitue hadi siku hiyo. NASA, shirika la anga la Marekani, waliilinganisha na picha 30 za eksirei ya kifua. Kwa mashine za kidijitali za siku hizi mimi ningesema ni nyingi zaidi ya hapo. Kamera za gari nazo zilirekodi: picha zilijaa vidoa na michirizi myeupe, kila mmoja chembe iliyoigonga kamera. Niliziangalia muda mrefu. Ni mara chache mtu wa kazi yangu huona kwa macho kile anachojikinga nacho kila siku.

Lakini kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kidogo na hakina kelele. Mwaka 2016 gari liliegeshwa karibu na mwamba mrefu, eneo la Murray Buttes, na mwamba ukaziba sehemu ya anga. Mionzi ikapungua kwa asilimia 4. Sasa tunajua, kwa kupima na si kwa kukisia, kwamba mwamba wa huko unakinga, na watu wanaweza kutafutiwa makazi chini ya majabali au mapangoni.

Watahitaji kila kinga, maana safari peke yake, kwenda na kurudi, inakaribia milisieverti 660, na kikomo cha NASA kwa maisha yote ya mwanaanga ni 600.

Halafu Gale iko bondeni, zaidi ya kilomita 4 chini ya usawa wa wastani wa Mirihi, hivyo hewa ya juu yake ni nzito kuliko ya nyanda za juu. Natamani sana kifaa cha pili kama hiki kipelekwe huko juu, kikae miaka kinapima, kabla mtu yeyote hajapangiwa kulala huko.