Kabla hujanunua darubini, toa hiyo lenzi ya 50mm nje

Watu wakiona picha zangu za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani, wanauliza darubini nimeitoa wapi, nikisema ni lenzi tu, hii hii 50mm f/1.8 ya wapiga picha wa harusi hapa Moshi, wanaona kama nawaficha. Siwafichi jamani. Vitu vingi vya huko juu si vidogo, ni hafifu tu. Kilimia, zile nyota wazee walizifuata kwa kilimo, upana wake unakaribia miezi mipevu minne ukiipanga, Galaksi ya Andromeda kama sita, Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ndo usiseme, karibu ishirini, sasa darubini ya kuvuta sana si utapata kipande tu?

Halafu sisi tumependelewa kwa kweli. Tuko digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Januari, kwenye saa nne na nusu usiku, nebula ya Orion inapita utosini, inakosa kama digrii 2 tu, mwanga wake unakatiza hewa kidogo kuliko ikiwa sehemu nyingine yoyote ya anga, na muda huohuo ukigeuka kusini unaliona Wingu la Magellan ambalo mtu wa London hawezi kuliona maisha yake yote akikaa kwao! Shuka upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, taa za mji zibaki mgongoni, na uende na mwenyeji.

Kinachosumbua huku ni ile mota ya kuzungusha kamera ifuate nyota. Wazungu wanailenga kwa Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga, kwetu Polaris iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini ya anga iko juu digrii 3 tu, miti inaiziba. Ndo maana nasema anza na tripodi peke yake. Ile kanuni ya kujua uache kamera wazi sekunde ngapi kabla nyota hazijawa mistari, unagawa 500 kwa zile mm za lenzi, na kwa kamera za sensa ndogo unazizidisha kwanza kwa 1.5 au 1.6, inakupa kama sekunde 6, ila Orion iko karibu na ikweta ya anga, ambako nyota zinakimbia kuliko kwingine kote, mi naweka sekunde 3. Unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, picha mia tatu, mia nne, kila baada ya muda unairudisha kamera katikati maana anga linasogea, kisha unazipandanisha ziwe picha moja kwa Siril, programu ya kompyuta, ni ya bure. Picha mara nne zaidi zinapunguza chengachenga kwa nusu.

Tundu la lenzi libane kutoka f/1.8 mpaka f/2.8, ikiwa wazi kabisa nyota za pembeni zinaota mabawa na zile kali zinazungukwa na zambarau. Fokasi usiamini alama ya infiniti, vuta Sirius, ile nyota kali kuliko zote usiku, kwenye skrini mara kumi, zungusha pete ya fokasi kwa mkono taratibu mpaka iwe kidoti, ukiipata gundisha pete na selotepu.

Hela ikipatikana, bado siyo darubini. Tafuta lenzi ya 135mm ya zamani, ya kuzungusha fokasi kwa mkono, kwa nebula ya Orion ni tamu mno.