Usiku wa Sendofu

Kwenye albamu ya harusi ya binamu yangu mimi simo. Nilikwenda. Nilichanga, nikashona sare kama wenzangu, nikaingia ukumbini nimeshika zawadi. Lakini matarumbeta yalipolia mlangoni na spika za ndani zikadakia, meno yalianza kuniuma na shingo ikakaza. Nikatoka nje, simu sikioni, nikidanganya kwamba nimepigiwa. Shughuli iliyobaki niliimalizia ndani ya gari la baba mdogo, vioo vimepandishwa, viganja vimeziba masikio. Watu walisema naringa. Mama peke yake ndiye aliyeniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo mwaka 2018, mdogo wangu wa mwisho alipotangaza sendofu yake, sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa, na kamati ikapata ukumbi Sinza, nilianza kuiogopa siku hiyo mapema. Naye alijua. Jioni moja alinivuta jikoni akaniambia, "Dada, zawadi yako siitaki. Nataka ukae mpaka mwisho."

Nilikuwa nimeshakwenda kupimwa. Mtaalamu wa masikio alinifungia kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akanivisha hedifoni, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Majibu yakaonyesha masikio yangu yanasikia vizuri kabisa. Tatizo liko kwenye kuzipokea kelele: sauti ambayo kwa mwenzangu ni ya kawaida, mimi inanifika kama maumivu. Yeye ndiye aliyenitajia vizibo vya masikio, na yeye ndiye aliyenionya nisivivae kutwa. Ukikaa navyo hata mahali palipotulia, alisema, ubongo unaanza kuongeza sauti wenyewe, kama mtu anayepandisha redio iliyofifia. Siku ukivitoa, hata kijiko kikianguka kinakushtua. Onyo hilo nimelishika hadi leo: nyumbani sivai, kanisani sivai ila kwaya ikiwasha vyombo, sokoni inategemea.

Nilivinunua eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la kofia ngumu na buti za mafundi. Vya sponji nilikuwa nimeshavijaribu kwenye daladala. Vile unavifinya, vinajaa sikioni, halafu vikichafuka unatupa. Vinazuia sana, kiasi kwamba konda akidai nauli unaona mdomo tu unacheza. Safari hii nilichukua vya silikoni vyenye kamba, vinavyooshwa na kuvaliwa tena: vijiti laini vyenye mikunjo mitatu, kama miamvuli iliyopachikwa mmoja juu ya mwingine, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Elfu tatu. Muuzaji alidhani namnunulia mume wangu fundi.

Kuvivaa kunataka ufundi, na nadhani wengi huviacha kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Mkono wa kushoto unapita juu ya kichwa, unashika sikio la kulia na kulivuta juu na nyuma kidogo ili njia yake inyooke, kisha mkono wa kulia unasukuma kizibo taratibu. Siku za kwanza nilisikia sauti yangu mwenyewe kama naongea ndani ya mtungi, na nikitafuna karanga kichwa kizima kinavuma. Nilifanya mazoezi wiki nzima, nusu saa nusu saa, mpaka nikazoea.

Shangazi alifika kutoka Morogoro Ijumaa, akalala chumbani kwangu. Ni dada mkubwa wa baba. Miaka ya 1980 alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo, na sasa ukitaka akusikie lazima ukae mbele yake, aone midomo yako. Tangu utotoni nilidhani ni uzee. Sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi usiku ukumbini walituweka meza moja, na spika, ndefu kuliko mtu, ilikuwa hatua tano kutoka tulipokaa. (Jambo hili linanisumbua mpaka leo. Mara nyingi nimekuta meza ya wazee imewekwa jirani na spika, eti ni mbele, ni heshima.) Nilivaa vizibo kabla muziki haujaanza, nikashusha kilemba kidogo kufunika kamba. Matarumbeta yalipoingia na bibi harusi, nilifumba macho nikasubiri meno yaume. Hayakuuma. Ngoma kubwa niliisikia kifuani, tarumbeta nikalisikia kama linapigwa mtaa wa pili, na vigelegele vya mama vikanifikia waziwazi. Nikasimama. Nikapunga leso.

Nilikuwa na programu ya kupima kelele kwenye simu, si kipimo cha maabara, lakini ilikuwa inasoma desibeli 98 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti). Kwa kipimo wanachotumia wataalamu wa afya kazini, desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Ukifika 97 umebakiwa na nusu saa. Sendofu yetu ilianza saa moja usiku ikaisha saa sita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100, wageni wapatiwe vizibo, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka gari la baba mdogo.

Katikati ya chakula shangazi aliiona kamba. Akainua ncha ya kilemba changu kwa kidole.

"Unasikiliza muziki wako kwenye shughuli ya mdogo wako?"

Nikamgeukia, nikampa uso wangu wote. "Hapana, shangazi. Ni vizibo. Kelele zinaniumiza, nisipoziba nitatoka nje."

Alikishika kile kilichokuwa shingoni, maana nilishatoa kimoja ili nimjibu. Akakibinya. "Sisi tulikuwa tunaweka pamba," alisema. "Pamba ilikuwa haina shida, ilikuwa imejaa kila mahali. Tunaisokota, tunaziba. Haikusaidia kitu. Mitambo inapiga, inapiga, mwenzako yuko hapa usimsikie. Tulisomana midomo. Mwaka wa kwanza nikitoka zamu masikio yanalia mpaka usiku. Baadaye yakaacha kulia, nikafikiri nimepona."

Sikuwa na la kusema. Nilimshika mkono, tukaendelea kula.

Kisha ikafika zamu ya keki. Kwenye sendofu zetu binti huwalisha wazazi, halafu huwaita wale waliomlea, na mdogo wangu miaka minne ya shule alikuwa amelelewa na shangazi. Mshereheshaji akatangaza, huku DJ hajapunguza muziki: "Shangazi mkubwa, popote ulipo, binti anakuita!" Watu wa meza yetu walikuwa wanapigiana makelele ya mazungumzo, hakuna aliyeshika. Shangazi alikuwa anaangalia sahani yake. Mimi, vizibo vyote viwili vikiwa vimerudi masikioni, nililisikia kila neno. Nimeshaelezwa sababu: sikio zima likizidiwa na kelele huvuruga hata maneno, ukilipunguzia mzigo linaweza kuyachambua. Kwa sikio lililokwisha kuharibika kama la shangazi, kuziba kungezidi kumfungia.

Nikamgusa bega. Akanitazama mdomoni. "Wewe," nikamwambia polepole. "Anakuita wewe."

Nilimsindikiza hadi mbele, tukapita mbele ya ile spika, mahali ambapo miaka yote nisingeweza kupita. Mdogo wangu alimlisha keki, akapiga magoti. Shangazi akaweka viganja vyote viwili juu ya kichwa chake, midomo ikawa inasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, wala mimi. Mpiga picha alitupiga tukiwa watatu. Kwenye picha ile kamba ya vizibo inaonekana, nyekundu, juu ya sare ya bluu. Binamu mmoja alishauri ifutwe kwa kompyuta. Nilikataa.

Tulirudi nyumbani saa saba. Nikaweka maji ya vuguvugu kwenye beseni na sabuni kidogo, nikaosha vizibo, mikunjo yote, nikavianika juu ya leso. Ukivifungia kwenye kikopo vikiwa na maji unajitafutia fangasi ya sikio. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, viatu amevua. Alinyoosha mkono, nikampa kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa taa muda mrefu.

"Bei gani?"

Nikamwonyesha vidole vitatu. "Elfu tatu."

"Mjukuu wangu yule mkubwa," alisema, "anashinda kwenye mashine ya kusaga. Tangu asubuhi mpaka magharibi. Juzi ananiambia, bibi, masikio yanalia."

Jumatatu, kabla hajapanda basi, nilipita Gerezani nikanunua jozi mbili. Kituoni nikamfundisha shangazi jinsi ya kuvivaa ili akamwonyeshe. Alitaka kujaribu kwenye sikio lake mwenyewe kwanza. Mkono ukapita juu ya kitambaa cha kichwa, ukalivuta sikio, ukakosea, ukarudia. Utingo alikuwa anaita abiria wa Morogoro. Shangazi alirudia mara nne.